Bei Aliyoitaja Ruphin

Katika magazini ya Mama Annie, duka la vyombo vya umeme katikati ya mji wa Lubumbashi, hakuna kitu kilichopata bei kabla Ruphin Mwenya hajakaa nacho. Mama Annie aliagiza bidhaa zake Dubai: televisheni, redio, pasi, majiko ya umeme, na zile mashine za michezo ambazo vijana huchomeka kwenye televisheni. Kila aina mpya ilipofika, ya kwanza ilipelekwa chumba cha nyuma, kwenye meza ya Ruphin. Aliifungua akaitazama tumboni, akaiwasha na kuizima, akaiacha ifanye kazi mpaka ipate moto, kisha akaifunga tena. Jioni alitoka huku akifuta mikono, akataja namba moja. Mama Annie alichukua kalamu akaiandika namba hiyo kwenye karatasi ya bei. Kwa miaka kumi na mitano mambo yalikwenda hivyo.

"Bantu wote banapenda kitu juu iko mupya," Mama Annie alizoea kusema. "Papa Ruphin yeye anaangalia kama iko muzima."

Wateja nao walimwamini. Walimwona mtu wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote, asiyecheka hovyo. Alipoitwa hakugeuza macho tu. Aligeuza kichwa kizima, polepole, na wengine walifikiri ni maringo.

Hayakuwa maringo. Jicho la kushoto la Ruphin lilikuwa la kioo.

Alizaliwa Kipushi. Baba yake alikuwa amekuja kutoka Kongolo na kazi ya reli, akaoa, akabaki. Ruphin alipofikisha miaka kumi na tisa aliingia kujifunza ufundi katika karakana ndogo ya kuchomelea vyuma. Miwani ya kukinga macho ilikuwa moja, na ilikuwa ya bwana mwenye karakana. Siku moja, wakati wa kusaga ukingo wa lango, kipande cha chuma chembamba kama ukucha wa mtoto kiliruka. Hospitalini walifanya walivyoweza. Baada ya wiki tatu alirudi kazini na bandeji usoni. Yule bwana alimpa nauli na kumwambia asije tena, kwa sababu fundi wa jicho moja siku moja atajikata mkono, na watu watasema ni kosa la mwenye karakana.

Kwenye karakana ya pili Ruphin alieleza ukweli mlangoni, na hakuvuka mlango huo. Alipokwenda ya tatu, hakueleza chochote. Wakati huo baba yake alikuwa amemvusha mpaka Kitwe, ng'ambo, nchini Zambia, akatiwa jicho la kioo lenye rangi iliyofanana sana na la kulia. Alipata kazi. Tangu siku ile hakumwambia mtu yeyote isipokuwa msichana mmoja aliyeitwa Nkandu, na alimwambia kwa sababu alitaka kumuoa.

Alihama vyuma vikubwa, akajifunza redio, kisha televisheni, kisha simu. Waya nyembamba alizipima kwa ncha ya kidole kabla ya kuzigusa kwa chuma cha moto. Kwa jicho moja mtu haoni vizuri kitu kiko umbali gani, lakini mikono hujifunza, na ya Ruphin ilijifunza vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe alisahau kuwa watu wengine huiona dunia kwa namna nyingine.

Mwezi wa sita, wakati wa baridi na vumbi, Mama Annie alipokea sanduku lililomgharimu zaidi ya sanduku lolote aliloagiza kabla. Ndani mlikuwa na kaski kumi za michezo. Ni kitu kama miwani mikubwa ya mpira inayofunika uso mzima na kufungwa nyuma ya kichwa kwa mkanda, pamoja na vishikio viwili vya mkononi. Ukiivaa huoni tena chumba ulichomo; unaona dunia ya mchezo, mbele, nyuma, juu na chini, na mikono yako imo humo. Vijana wa mji walikuwa wameziona kwenye simu zao tu. Hakuna magazini ya jirani iliyokuwa nazo, na Mama Annie alitaka kuwa wa kwanza.

Alikuwa na sababu. Mumewe, Papa Constantin, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na kaburi lake lilikuwa bado udongo na msalaba wa mbao. Ndugu wa marehemu walianza kusema. Mama Annie alikuwa amehesabu kwamba, kaski zile zikiuzwa dola mia nane kila moja, ndani ya msimu ule wa ukavu angeweza kulijenga kaburi kwa marumaru na kuwaita watu kwenye misa.

Tracy, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa muuzaji wa pale mbele, ndiye aliyevaa wa kwanza. Aligeuza kichwa huku na huku, kisha akapiga kelele, akarudi nyuma, akanyoosha mkono na kuangusha kikopo cha kalamu kilichokuwa juu ya kaunta.

"Ee Mama! Iko hapa! Iko hapa karibu na pua yangu!"

"Ni nini?"

"Samaki! Samaki mukubwa! Ningetaka kumukamata!"

Mama Annie alicheka, naye akaivaa, akakaa nayo dakika chache, akaivua bila kusema kitu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alimpa Ruphin ile kaski kwa mikono miwili.

"Papa Ruphin, kaa na hii kintu mpaka mangaribi. Mi sitaki makelele ya Tracy, na sitaki furaha yangu mi mwenyewe. Nafikiri mia nane. Lakini nataka neno yako."

Ruphin aliingia nayo chumba cha nyuma akafunga mlango. Aliivaa. Aliona maji ya bluu, matumbawe, mwanga ukishuka kutoka juu. Aligeuza kichwa na maji yakageuka pamoja naye, na hapo alistaajabu kweli, kwa kuwa picha ilikuwa safi kuliko televisheni yoyote aliyowahi kutengeneza. Samaki mkubwa alikuja. Alimwona akikua, akikua, akajaza macho, akapita. Ruphin hakurudi nyuma. Alingoja kile kilichomfanya Tracy apige kelele, lakini hakikuja. Alibadili mchezo: mawe yalirushwa kwake; aliyatazama yakipanuka kama picha inavyopanuka ukiivuta kwa vidole. Aliivua, akaivaa tena, akakaza mkanda, akafuta vioo. Ilikuwa vilevile.

Ndipo alipochukua kile kijitabu cha maelezo. Ruphin alikuwa mtu wa kusoma vijitabu. Mafundi wengi huvitupa. Alisoma kwa Kifaransa jinsi kila jicho linavyopewa picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, na jinsi kichwa cha mtu kinavyoziunganisha mpaka vitu vionekane vimesimama mbele yake, kimoja karibu, kingine mbali. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi moja: watu wasiotumia macho yote mawili pamoja huenda wasipate hisia ya ukaribu na umbali.

Aliisoma mara mbili. Akakunja kijitabu, akakirudisha kwenye boksi lake, chini kabisa, chini ya waya wa kuchaji.

Baadaye, alipokuwa akinisimulia habari hii, hakujitetea. Alisema alikaa pale mezani muda mrefu na maneno yalikuwa tayari mdomoni: Mama, mimi siwezi kupima hii. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini kwa miaka thelathini, kila mara alipoyafikiria, aliona mlango wa ile karakana ya pili. Akajiambia kwamba wale wanawake wamevutwa na upya. Akajiambia kwamba picha ni picha. Alitoka, akafuta mikono.

"Iko televizyo yenye kufungwa ku macho, Mama. Picha iko muzuri, lakini ni picha. Ukipita mia tano, bantu batakimbia."

Uso wa Mama Annie ulishuka. "Mia tano? Zinanifikia hapa mia ine na makumi ine, moja-moja, na ushuru ndani."

"Ninajua."

"Mia nane hapana?"

"Mia nane hapana, Mama."

Aliivuta karatasi ya bei. Kisha akachukua kalamu.

Walizizindua siku ya Jumamosi. Mama Annie alivaa kitenge kipya, akakodi viti vya plastiki na baffle, spika kubwa ya muziki, akatandika zulia mbele ya mlango ili watu wajaribu bila kujikwaa. Karatasi ya bei ilibandikwa kwenye kioo: dola mia tano. Kabla jua halijapanda sana watu walikuwa wamejaa mpaka upande wa pili wa barabara. Ruphin ndiye aliyekuwa akiwavisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kukaza mikanda.

Alimvisha mwanafunzi wa chuo. Akamvisha mama mwenye magazini ya vitambaa. Akamvisha mzee mmoja aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi, ambaye alivua kofia kwanza kama anayeingia kanisani. Na kila mmoja wao, yule samaki alipokuja, alinyoosha mkono. Ruphin alikuwa amesimama mbele yao, na mara ya nne au ya tano aliona jambo ambalo hakulitazamia. Mkono wa mwanafunzi ulisimama mahali fulani hewani, karibu hatua moja kutoka kifuani. Mkono wa yule mama ulisimama palepale. Mkono wa mzee ulikwenda polepole ukasimama palepale, na vidole vyake vikapinda kama vya mtu anayepapasa kitu cha mviringo. Hawakuwa wameambiana. Pale hewani palikuwa na kitu, na wote walikiona isipokuwa yeye.

Mzee alipovuliwa alibaki amemshika Ruphin mkono.

"Aksanti, mutoto wangu," alisema. "Sikuwaza kama nitaona kintu kama hii mbele ya kufa. Na bei iko hiyo tu?"

Ruphin alimgeukia aliyefuata, akaanza kumkazia mkanda.

Saa sita ilipokaribia alikuja mfanyabiashara wa Kipushi aliyeitwa Guelor, mtu aliyevusha bidhaa mpakani. Alivaa kaski dakika mbili. Alipoivua hakupiga kelele wala kucheka. Alisoma tena karatasi ya bei, akamwuliza Tracy zimebaki ngapi. Moja tu ilikuwa imeuzwa. Guelor alinunua zote tisa, hata ile ya kujaribia, akalipa dola taslimu, akazipakia kwenye gari lake. Mama Annie alimshika Ruphin mabega mbele ya watu wote.

"Unaona? Siku moja! Kama ningeandika mia nane, zingekaa hapa mpaka Noeli."

Jumatano iliyofuata Tracy alikuja kazini akiwa ameshika simu mbele yake. Guelor alikuwa ameweka picha. Kaski tatu alikuwa ameziuza ng'ambo, na zilizobaki alizinadi dola mia tisa na hamsini, na chini ya picha watu walikuwa wakigombania kuandikishwa majina. Mama Annie alisoma, akavua miwani yake, akaisafisha, akasoma tena. Aliketi.

"Kaburi ya Papa Constantin itangoja," alisema.

Tracy alianza kumlaani yule mfanyabiashara, lakini Mama Annie alimkatiza. "Hakuniiba. Alisoma bei yenye niliandika." Kisha akamwona Ruphin amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, rangi imemtoka. Alidhani anaumia kwa ajili yake, akamwonea huruma.

"Papa Ruphin, usijikasirikie. Miaka kumi na tano haukukosa hata mara moja. Kila muntu anakosa."

Ruphin alirudi mezani kwake, lakini kazi haikuenda. Kama angetukanwa, nafikiri angekaa kimya mpaka leo.

Nyumbani kwake, Naviundu, alikuta Nkandu akipepeta unga. Alimweleza yote, samaki, kijitabu, mikono iliyosimama hewani. Nkandu aliendelea kupepeta muda mrefu, kisha akaweka ungo chini.

"Papa Fils," alisema, kwa maana mtoto wao wa kwanza aliitwa Fils, "ukimwambia, atakufukuza."

"Inawezekana."

"Na masomo ya batoto?"

"Sijui, Mama Fils."

Nkandu alifuta unga mikononi. "Unajua mi natembeaka upande gani yako mu barabara?"

"Kushoto."

"Miaka makumi mbili na tatu natembea kushoto. Ku masoko, ku misa, ku kilio. Bantu bakikusalimia upande ule, mi ninaitika haraka ili ugeuke. Nilipokuwa na mimba ya Fils nilianguka mu mufereji juu nilikuwa nakuangalia wewe. Sikusema kitu. Nilikubali." Sauti yake haikuwa ya hasira. "Lakini nimechoka kuficha. Nenda umwambie."

Asubuhi Ruphin alifika kabla ya Tracy. Mama Annie alikuwa akifungua kufuli za mlango wa chuma. Alimsaidia kuusukuma juu, wakaingia, na kabla Mama Annie hajaketi, Ruphin alimwambia akiwa amesimama mbele ya kaunta.

"Mama, jicho yangu ya kushoto haiko jicho. Ni kioo. Haionake kitu tangu niko na miaka kumi na kenda. Ile kaski inaomba macho mbili. Mi sikuona kintu chenye mulikiona. Nilikupa bei ya kintu chenye sikuona."

Mama Annie alimtazama jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Nje wauza mikate walikuwa wakipita.

"Miaka kumi na tano uko hapa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ulikula ku meza yangu. Ulibeba jeneza ya Constantin."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo haukujua. Uliivaa na haukujua kama iko namna hii."

Pale ndipo angeweza kusema ndiyo, na mambo yangekuwa mepesi. Ruphin aliinamisha kichwa.

"Nilijua. Ku kijitabu banaandika. Nilisoma. Nilisoma, na nikakuja kukuambia mia tano."

Mama Annie alipozungumza sauti yake ilikuwa chini sana.

"Jicho, iko mambo yako na Mungu. Hakuna mwenye angekufukuza hapa juu ya jicho. Lakini ulisoma." Akarudia, kama anayejieleza mwenyewe: "Ulisoma." Akaketi. "Enda ku nyumba, Papa Ruphin. Nitakuita. Kama sikuiti, utajua."

Alikaa nyumbani siku tisa. Hakwenda kuomba kazi kwingine, ingawa Nkandu alimtajia watu wawili. Alitengeneza paa la choo, akapanda juu ya kiti na kushuka, akaketi uani na kusimama. Wana wake waliambiwa. Fils, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, alikasirika, si kwa sababu ya jicho, bali kwa sababu alikumbuka jinsi alivyokuwa akichapwa utotoni kila alipomrushia baba yake mpira kutoka upande mmoja, na hakuwahi kuelewa kosa lake lilikuwa nini. Ruphin alimwomba msamaha mtoto wake mbele ya mama yake. Alisema hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Siku ya kumi Mama Annie alikuja Naviundu mwenyewe, kwa teksi. Alipewa kiti na maji. Ruphin alipiga magoti kwenye udongo, akapiga makofi mara mbili taratibu kama walivyofanya wazee wa kwao mbele ya mtu waliyemkosea. Mama Annie hakumwambia ainuke upesi. Alimaliza maji kwanza.

"Nilitaka kuweka muntu mwingine," alisema. "Nilimupata hata. Kisha nikawaza: ule sijui anaficha nini. Wewe ninajua." Hakutabasamu. "Utarudi. Utatengeneza. Lakini bei haitatoka tena mu kinywa yako. Na jicho yako, bateja bataijua. Sitaki kuficha kitu mu magazini yangu tena, hata mara moja."

"Nimekubali, Mama."

"Na ile feza yenye nilipoteza, sitakukata. Lakini sijaisahau, na usifikiri nimeisahau."

"Sitafikiri."

Kaski za pili zilifika mwezi wa nane, kumi na mbili. Safari hii Mama Annie aliwaita watu saba wa umri mbalimbali, akawavisha mmoja mmoja, akamwambia Tracy aandike kila mmoja alisema angetoa dola ngapi. Bei ikawa mia saba na themanini. Ruphin alikaza mikanda na kunyamaza. Mteja alipomwuliza, "Papa, unaionaje?" alijibu kile alichoagizwa: "Mi niko na jicho moja, siione vile wewe utaiona. Uliza Tracy." Mteja alimwangalia usoni haraka, kisha akaangalia kando, kama watu wanavyofanya. Ofisi moja iliyokuwa ikimletea mashine zake tangu zamani iliacha kuzileta baada ya habari kuenea. Hawakueleza sababu, na Mama Annie hakuwauliza.

Mwisho wa mwezi alikuja mwanamke aliyeitwa Abigaïl, muuza unga wa jumla, pamoja na binti yake Sephora, wa miaka kumi na minne. Mtoto alikuwa ameshinda mtihani wa taifa kwa alama nzuri, na mama alikuwa amemwahidi zawadi atakayoichagua mwenyewe. Sephora alichagua kaski. Mama tayari alikuwa na pesa kwenye mkoba.

Ruphin alimvisha. Maji yakaja, samaki akaja, na Tracy, aliyekuwa akitazama kwenye simu kile alichokiona mtoto, alisema, "Huyo, anakuja!" Sephora alisimama wima, mikono imelala ubavuni. Hakushtuka. Aliguna kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya mtu asiyemjua.

"Iko muzuri," alisema. "Iko muzuri sana."

Ruphin aliufungua mkanda. Alimtazama usoni, akainua kidole mbele ya uso wake, akakisogeza kwenda kulia. Jicho la kulia la mtoto lilibaki nyuma, halikufuata.

"Mama," alimwambia Abigaïl, "usilipe kwanza. Mutoto anaona na macho yote mbili?"

Abigaïl alikunja uso. Sephora, alisema, alikuwa na ugonjwa wa surua alipokuwa mdogo, jicho moja lilibaki dhaifu, lakini anasoma, ni wa kwanza darasani, na hajaja pale kuulizwa mambo ya hospitali. "Unataka kusema mutoto wangu ni kilema?"

"Hapana, Mama. Nataka kusema ataicheza, atafurahi kidogo, lakini ile yenye bengine banapigia kelele, hataipata. Mia saba na makumi munane ni ya ile kelele. Mi vilevile siipate." Akaligusa shavu lake la kushoto. "Hii ni kioo."

Abigaïl alifunga mkoba kwa ghadhabu, akamshika binti yake mkono. Lakini Sephora hakwenda. Alikuwa akimwangalia Ruphin, jicho kwa jicho.

"Papa, na uko natengeneza simu?"

"Natengeneza."

"Ile tuvisi tudogo-tudogo, unaitia namna gani mu shimo?"

Ruphin alichukua bisibisi mezani, na skrubu moja ndogo kwenye ncha yake, akaweka ncha ya kidole cha kushoto pembeni mwa tundu la redio iliyokuwa pale, akaitelezesha skrubu juu ya ukucha wake mpaka ikaingia. Sephora aliinama karibu, akatazama. Kisha akaomba bisibisi, akajaribu. Mara ya kwanza alikosa. Mara ya pili iliingia. Abigaïl alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, na hasira ilikuwa imemtoka usoni. Pakabaki kitu kingine, uchovu labda, wa mama ambaye hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Aliuliza, bila kumwangalia Ruphin, kama kuna daktari wa macho mjini anayemjua. Ruphin alimwandikia jina kwenye kipande cha karatasi.

Hawakununua kitu. Walipoondoka, Mama Annie, aliyekuwa kwenye kaunta muda wote ule, alimwita Ruphin.

"Ule mama alikuwa na feza mu mukono."

"Ndiyo, Mama. Niliona."

Mama Annie alizungusha kalamu yake mara kadhaa juu ya karatasi. Mtu mwingine alikuwa ameingia na pasi iliyoungua, akingoja kusikilizwa.

"Pokea ile pasi," alisema. "Na Papa Ruphin, mwambie Tracy aache kijitabu ya kaski wazi hapa juu ya meza, ku ule ukurasa, bantu wasome mbele ya kuvaa."